Sauti Ifikayo: Kuchagua Zana za Mawasiliano kwa Usalama wa Mashua Ndogo

Katika usiku wa giza, mwezi usipoonekana, Ziwa Victoria hugeuka mji wa taa. Wavuvi wa dagaa huelekeza mwanga majini, dagaa hukusanyika kuufuata, na nyavu hutandazwa. Aliyesimama mwaloni huziona taa hizo zikimetameta hadi mbali, kana kwamba barabara imejengwa juu ya maji.

Lakini usiku huo huo ndio wakati wa hatari. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, na pepo kutoka kila upande huelekea katikati ya ziwa, ambako maji yangali na uvuguvugu. Hewa hiyo yenye unyevu mwingi hukutana, hupanda juu, na kupanda kwake huzaa mawingu mazito ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili huzuka baada ya usiku wa manane na kuendelea hadi alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako mbali na mwalo.

Mashua ya mbao yenye watu wanne ikijaa maji saa 9 usiku, kilomita 15 kutoka ufukweni, uhai wa watu hao hutegemea jambo moja: je, yuko mtu atakayejua kwamba wamo hatarini, na kujua mahali walipo, kabla nguvu zao hazijaisha? Swali hili ni la mawasiliano. Sehemu kubwa ya jibu lake imo katika fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Mnyororo wenye pete tano

Mtu anayekwenda dukani kununua zana ya mawasiliano huuliza kwanza bei, kisha huuliza nguvu yake ni wati ngapi. Maswali hayo si mabaya, ila hayatoshi. Wito wa msaada hupita katika mnyororo wenye pete tano: mtu anayeita, umeme unaoendesha zana, zana yenyewe, anga inayobeba mawimbi, na msikilizaji aliye tayari kuja. Pete moja ikikatika, zile nne zilizobaki hazina kazi. Kwa hiyo zana ya kutegemewa haipimwi kwa bei yake wala kwa wingi wa vitufe vyake. Hupimwa kwa kuutazama mnyororo wote na kuitafuta pete iliyo dhaifu.

Historia ya bahari ina funzo kubwa kuhusu pete ya mwisho. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic iligonga siwa la barafu katika Bahari ya Atlantiki. Mtambo wake wa redio ulikuwa wa nguvu kubwa kwa zama zile, nao ulifanya kazi barabara. Meli ya Californian ilikuwa imesimama karibu kuliko meli nyingine iliyojibu wito usiku ule, lakini ilikuwa na mwendesha redio mmoja tu, naye alikuwa amezima mtambo na kwenda kulala muda mfupi kabla ya ajali. Aliyesikia alikuwa mwendesha redio wa meli ya Carpathia, iliyokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 80. Naye pia alikuwa akijiandaa kulala, ila vidude vya kusikilizia vilikuwa bado masikioni mwake. Carpathia iliokoa watu zaidi ya 700; waliokufa walikuwa zaidi ya 1,500. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliotiwa saini London mwaka 1914 ulizaliwa na msiba huo, na moja ya nguzo zake ilikuwa zamu ya kusikiliza redio saa zote 24.

Redio ilisema, na anga ikaibeba sauti. Pete iliyokatika ilikuwa sikio la jirani. Anayechagua zana ya mashua yake aanze basi mwishoni mwa mnyororo: saa 9 usiku, ni nani atakayekuwa akisikiliza?

Dunia ni mviringo, na redio inalijua hilo

Redio za baharini zitumiwazo na vyombo vidogo ni za aina iitwayo VHF. Chaneli ya 16, iliyotengwa duniani kote kwa wito na kwa dharura, hutumia marudio ya megahezi 156.8, yaani mitetemo milioni 156.8 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya kasi ya mwanga, mita milioni 300 kwa sekunde, kwa idadi hiyo, atapata urefu wa wimbi wa mita 1.91. Mawimbi mafupi kiasi hiki husafiri takriban katika mstari mnyofu. Hayaufuati mviringo wa dunia, bali hupita juu ya upeo na kupotea angani.

Umbali wa upeo huo wa redio waweza kukadiriwa kwa kanuni nyepesi: zidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena katika mita. Jibu ni kilomita. Upeo wa macho hufuata kanuni ya namna hiyo hiyo, ila kizidisho chake ni 3.57. Redio huona mbali kidogo kuliko jicho kwa sababu anga huyapinda mawimbi yake kuelekea chini. Kwa vituo viwili vinavyozungumza, jumlisha upeo wa kila kimoja.

Chukua mvuvi aliyeketi, redio yake ikiwa mita 1 juu ya maji. Upeo wake ni kilomita 4.1. Wavuvi wawili wa namna hiyo wataweza kusikilizana hadi kilomita 8 hivi. Antena ya mmoja ikifungwa juu ya mlingoti wenye kimo cha mita 4, upeo wake huwa kilomita 8.2, mara mbili ya ule wa kwanza. Mwaloni pakisimikwa nguzo ya mita 16, upeo wa nguzo ni kilomita 16.5. Kwa hiyo mashua yenye mlingoti itasikilizana na mwalo kutoka kilomita 24 na zaidi, na yule aliyeketi na redio mkononi kutoka kilomita 20.

Hesabu hii inafundisha jambo ambalo wauzaji hawalisemi mara nyingi. Redio ya mkononi ina nguvu ya wati 5 hivi, na ile ya kufungwa chomboni ina wati 25. Kuongeza wati mara tano huifanya sauti isikike safi zaidi ndani ya upeo, lakini hakuusogezi sana upeo wenyewe. Kuinua antena kutoka mita 1 hadi mita 4 huufanya upeo kuwa maradufu, na gharama yake ni mwanzi mmoja na kamba ya kuufungia. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, kati ya wati na kimo, na achague kimo.

Kanuni hiyo hiyo inaonyesha pia mpaka wa VHF. Ziwa Victoria lina eneo la kiasi cha kilomita za mraba 68,800, na upana wake mahali palipo papana zaidi unafikia kilomita 240. Ili mnara wa pwani umsikie mvuvi aliyeketi umbali wa kilomita 100, kimo chake kingepaswa kuwa zaidi ya mita 500. Mnara wa namna hiyo haujengwi kwa urahisi, na ndiyo sababu mitambo huwekwa juu ya vilima na visiwani, ambako maumbile yamekwisha kuutoa msingi mrefu bila malipo. Jambo jingine la kukumbuka ni mawimbi ya maji. Mashua ndogo ikishuka bondeni kati ya mawimbi mawili makubwa, maji huziba njia ya redio. Anayeita akariri wito wake, na aseme wakati chombo kimepanda.

Umeme: betri ya taa isiwe betri ya redio

Redio ya wati 25 huvuta mkondo wa kiasi cha ampea 5 kutoka kwenye betri ya volti 12 inapotuma. Ampea 5 mara volti 12 ni wati 60. Wati 25 huondoka kwa njia ya antena, na sehemu kubwa ya zilizosalia huwa joto. Inaposikiliza tu, huvuta kiasi cha nusu ampea. Tuseme betri ni ya saa-ampea 40. Kusikiliza kwa saa 10 hutumia saa-ampea 5. Kutuma kwa jumla ya dakika 12 hutumia saa-ampea 1. Jumla ni 6, na betri ingali na akiba kubwa.

Sasa zitiwe taa nne za kuvulia kwenye betri ile ile, kila moja ikivuta ampea 2. Kwa saa 5 taa hizo hutumia saa-ampea 40. Betri itakuwa imekufa kabla ya alfajiri, nayo redio itakufa pamoja nayo, katika saa ile ile dhoruba inapozuka. Hakuna fundi awezaye kuitengeneza redio hiyo, kwa maana haikuharibika. Dawa yake ni betri mbili zilizotenganishwa, au redio ya mkononi yenye betri yake yenyewe, ambayo haitumiwi kwa muziki wala kwa mazungumzo ya kupitisha usiku.

Waya nao una siri yake. Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1, ukitoka betri hadi redio iliyo umbali wa mita 5, una urefu wa mita 10 kwenda na kurudi. Ukinzani wake ni kiasi cha omu 0.17. Mkondo wa ampea 5 ukipita humo, volti 0.85 hupotea njiani. Redio nyingi za baharini zimetengenezwa kwa volti 13.6 na hustahimili upungufu wa kiasi cha asilimia 15 tu. Betri iliyochoka kidogo, yenye volti 12, itaifikishia redio hiyo volti 11.15 pekee. Hapo hutokea jambo linalowashangaza mabaharia wengi: redio husikia vizuri usiku kucha, lakini huzimika kila inapobonyezwa ili kusema. Katika kusikiliza mkondo ni mdogo na volti zinazopotea ni chache. Katika kutuma, mkondo ni mkubwa na volti huanguka. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupunguza hasara hiyo hadi volti 0.34. Tofauti ya bei kati ya nyaya hizo mbili ni ndogo mno kulinganishwa na thamani ya redio, sembuse ya uhai.

Maji na chumvi

Zana ya mashua ndogo italowa. Hili si jambo la bahati. Kwenye vyeti vya zana nyingi kuna alama ya IPX7, ambayo maana yake ni kwamba zana ilizamishwa katika maji kina cha mita 1 kwa muda wa dakika 30 bila kuingiza maji kiasi cha kuidhuru. Alama hii ni ya manufaa, lakini majaribio yake hufanywa kwa maji baridi na kwa zana iliyo mpya. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na hula metali upesi. Mpira unaoziba mlango wa betri hukauka na kupasuka baada ya kupigwa jua kwa miezi. Kwa hiyo mvuvi wa pwani aioshe zana kwa maji baridi kila arudipo, aikaushe, na auangalie mpira huo mara kwa mara. Baadhi ya redio za mkononi huelea zinapoanguka majini, na sifa hiyo ina thamani kubwa kuliko mapambo mengi yatajwayo katika matangazo.

Yafaa pia ieleweke kwamba mawimbi ya redio hayapenyi katika maji ya bahari ila kwa kina kidogo mno. Aliyemo majini ainue antena juu, nje ya maji, na aishike wima. Mkono ulioinuka ndio mlingoti wake wa mwisho.

Simu ya mkononi

Wengi huuliza: kwa kuwa kila mtu ana simu, redio ya nini? Simu ya mkononi imeokoa watu wengi karibu na pwani, na hakuna sababu ya kuidharau. Inaweza kupokea utabiri wa hali ya hewa kabla ya safari, na simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha mahali mtu alipo hata pasipokuwa na mtandao.

Hata hivyo ina mipaka mitatu. Kwanza, minara ya simu ilijengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu. Katika mfumo wa GSM wa kawaida mnara hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama hakuna kitu kinachoizuia njia, kwa sababu muda wa kwenda na kurudi kwa mawimbi umepangiwa kikomo. Kwa kawaida mawasiliano hukatika mapema kuliko hapo. Pili, kioo cha kugusa huvurugika kikilowa. Vidole vyenye maji huenda visifungue hata namba moja. Kwa sababu hiyo simu ndogo ya vitufe, iliyo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mara nyingi hufaa zaidi katika mashua. Plastiki haizuii mawimbi ya redio, na mtu anaweza kubonyeza na kusema bila kuitoa mfukoni.

Mpaka wa tatu ndio mkubwa. Simu huita mtu mmoja, tena anayejulikana namba yake, na mtu huyo huenda amelala. Redio ya VHF huita kila aliye ndani ya upeo. Chombo kilicho kilomita 3 kutoka kwa anayezama hakiwezi kusikia simu aliyompigia ndugu yake mjini, lakini kitausikia wito wake kwenye chaneli ya 16.

Redio ya VHF

Ziwani na baharini, mwokozi wa kwanza mara nyingi ni mvuvi mwingine. Boti ya serikali, hata ikiwa na injini kubwa, ina safari ya kusafiri. Jirani yuko pale pale. Hii ndiyo hoja iliyo nzito kuliko zote katika kuchagua: zana bora ni ile ambayo jirani naye anayo na ameiwasha. Redio moja katika mwalo wenye mashua 40 ni mapambo. Redio 10 zilizogawanywa katika makundi ya mashua zinazovua pamoja, na moja mwaloni yenye antena ndefu na mtu wa zamu, ni mfumo wa uokoaji.

Anayenunua ahakikishe kwamba redio ni ya baharini hasa. Madukani zimejaa redio za upepo za bei nafuu zilizotengenezwa kwa walinzi na wajenzi. Nyingi kati ya hizo hazistahimili maji, na baadhi hazina chaneli za baharini kabisa. Mwenye nayo atasema, na hakuna atakayesikia. Redio ya baharini huhitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na kibali hicho kina faida: huiingiza sauti ya chombo katika daftari la wanaojulikana.

Redio nyingi za kisasa zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde chache, redio hutuma kwenye chaneli ya 70 ujumbe wa tarakimu wenye namba ya chombo na, ikiwa imeunganishwa na kipokezi cha setilaiti, mahali kilipo. Namba hiyo ina tarakimu 9, na tatu za mwanzo hutaja nchi: 634 ni Kenya, 675 ni Uganda, na Tanzania ina 674 na 677. Kitufe hicho ni msaada mkubwa kwa mtu aliyetishika, lakini hakifai kitu ikiwa namba haikuingizwa katika redio siku iliponunuliwa.

Wito wenyewe una utaratibu, na utaratibu huo ni sehemu ya pete ya kwanza, yaani mtu. Tamko «Mayday», lenye asili ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya «nisaidie», hutamkwa mara tatu. Hufuata jina la chombo, mahali kilipo, aina ya hatari, na idadi ya watu. Mahali hutajwa mapema, kwa maana redio ikikatika katikati ya maneno, mwenye kusikia awe amekwisha kujua pa kwenda. Utaratibu huu ufundishwe kwa kila aliyemo chomboni, pamoja na kijana wa kukumba maji, kwa sababu nahodha anaweza kuwa ndiye aliyeanguka.

Kitoa ishara cha setilaiti

Kwa wale waendao nje kabisa ya upeo wa pwani, iko zana nyingine: kitoa ishara cha dharura. Kile cha chombo huitwa EPIRB, na kile cha mtu mmoja huitwa PLB. Kikiwashwa hutuma kwa marudio ya megahezi 406 mlio mfupi wa nusu sekunde, takriban kila baada ya sekunde 50. Setilaiti huupokea na kuushusha katika kituo cha ardhini, na habari hupelekwa katika kituo cha uratibu wa uokoaji. Mfumo huu, uitwao Cospas-Sarsat, ulitokana na mapatano ya mwaka 1979 kati ya Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya Kisovieti, nchi ambazo wakati huo hazikuelewana katika mengi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwezi Juni 1982, na mwezi Septemba mwaka huo huo watu 3 walioanguka na ndege nchini Kanada waliokolewa kwa msaada wake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kituo cha kanda cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006. Betri ya EPIRB hutakiwa kutuma kwa saa 48 na ile ya PLB kwa saa 24. Zana hizi zina masharti mawili. Lazima ziandikishwe, ili mlio ukisikika ijulikane ni chombo gani na nani wa kuulizwa. Na tarehe ya mwisho ya betri, iliyochapishwa ubavuni, lazima iheshimiwe. Upungufu wao ni kwamba hazizungumzi na jirani. Mvuvi aliye kilomita 2 hausikii mlio uliokwenda angani. Kwa hiyo hazichukui nafasi ya redio, bali huongeza pete pale redio inapokoma.

Zana zisizo na umeme, na daftari

Firimbi haihitaji betri, na husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyekauka koo. Kioo kidogo hurudisha mwanga wa jua hadi kilomita nyingi. Tochi isiyopitisha maji, kitambaa cha rangi ya chungwa na mioto ya ishara humwongoza mwokozi katika mita mia chache za mwisho, ambazo ndizo ngumu kuliko zote, kwa maana kichwa cha mtu majini ni kitu kidogo sana kuonekana.

Ipo zana moja ambayo ni rahisi kuliko zote, nayo ni daftari la mwalo au la diko. Kabla ya kuondoka huandikwa jina la chombo, idadi ya watu, upande wanakokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, aliye zamu huita kwa redio, na asipojibiwa huanza kutafuta. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Pasipo daftari kimya hakina maana yoyote. Kukiwa na daftari, kimya chenyewe huwa wito, hata kama zana zote zimezama pamoja na chombo.

Kuchagua kwa kufuata safari

Anayevua au kuvusha watu karibu na ufuko, ndani ya kilomita chache, atosheke na simu ya vitufe ndani ya mfuko, firimbi, tochi na daftari. Anayekwenda kati ya kilomita 5 na 25, kama wavuvi wengi wa dagaa, aongeze redio ya baharini ya mkononi inayoelea, na mwalo wake uwe na antena ndefu na mtu wa zamu. Anayevuka Mkondo wa Pemba, wenye upana wa kiasi cha kilomita 50, au kwenda bahari kuu nje ya Mafia, afunge redio ya wati 25 yenye antena mlingotini, awe na ya mkononi kama akiba, na achukue kitoa ishara cha setilaiti kilichoandikishwa. Katika safari zote hizo jaketi la kuokolea huvaliwa kwanza. Mawasiliano huleta mwokozi. Jaketi ndilo linalompa muda wa kufika.

Kazi za darasani

1. Tia kipande cha gazeti kavu katika mfuko wa plastiki unaouzwa kwa ajili ya simu, uufunge, na kuuzamisha katika ndoo kwa dakika 30. Rudia jaribio baada ya mfuko kukunjwa na kukunjuliwa mara 100. Eleza tofauti.

2. Kilima kimoja kina kimo cha mita 144 juu ya ziwa, na juu yake pamesimikwa antena. Kwa kutumia kizidisho 4.12, tafuta umbali ambao antena hiyo inaweza kumsikia mvuvi mwenye redio iliyo mita 1 juu ya maji. Ni sehemu gani ya upana wa kilomita 240 inayofikiwa?

3. Tembeleeni mwalo au diko lililo karibu na shule. Chora mnyororo wa pete tano kwa mashua moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, na umwonyeshe pete iliyo dhaifu. Kisha ulizeni mwaloni swali hili moja: leo saa 9 usiku, nani atakuwa akisikiliza?